Omu 26 za Birika la Umeme

Chomoa birika lako la umeme, mwaga maji, ligeuze usome maandishi yaliyo chini yake. Katika mabirika mengi yanayouzwa huku kwetu utakuta mstari unaofanana na huu: 220–240V~ 50/60Hz 1850–2200W. Wanunuzi husoma namba ya mwisho tu. Wanasema hili ni la wati elfu mbili, wanalipa, wanaondoka nalo. Vijana ninaowafundisha kazi ya umeme huwa nawasimamisha hapo hapo, kwa sababu mstari huo unasema jambo ambalo kiwanda hakikuliandika waziwazi.

Chukua 220, izidishe kwa yenyewe, upate 48,400. Gawanya kwa wati 1850. Jibu ni 26.16. Sasa nenda upande wa pili: 240 mara 240 ni 57,600, gawanya kwa 2200, unapata 26.18. Ni namba ileile. Huo ndio ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, wa ile elementi ya kupashia joto iliyo chini ya maji, omu 26 na ushee, na haubadiliki ukilichomeka birika Tanga kwenye volti 230 au Mombasa kwenye volti 240. Kinachobadilika ni wati. Tazama pia kwamba volti zikipanda kutoka 220 hadi 240 zimeongezeka kwa asilimia 9, lakini wati zimeongezeka kwa asilimia 19. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike makala hii, kwa sababu kila plagi iliyoyeyuka, kila balbu inayofifia saa mbili usiku, na hata nguzo kubwa za chuma zinazoleta umeme kutoka bwawa la mto Rufiji, zote zinatokana nayo.

Hesabu yenyewe ina mistari miwili. Gawanya volti kwa ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme unaopita, unapata omu, yaani ukinzani. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Ukiuingiza mstari wa kwanza ndani ya wa pili, unapata sura mbili nyingine: wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu, na wati ni ampea mara ampea, zidisha kwa omu. Ukijua vitu viwili kati ya vinne, vingine viwili huna haja ya kuvipima. Birika letu kwenye volti 230 litavuta 230 gawanya kwa 26.17, sawa na ampea 8.8, na litatoa wati 2021 hivi.

Wengi wamefundishwa mistari hiyo shuleni, wakaifanyia mtihani, wakaiacha darasani. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba waliletewa kanuni bila kuambiwa ilivyohangaikiwa. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 Erlangen, Ujerumani, mtoto wa fundi wa makufuli. Alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule moja ya mji wa Köln alipoanza kupima jinsi urefu wa waya unavyopunguza mkondo wa umeme. Shida yake ya kwanza ilikuwa chanzo cha umeme. Betri za wakati ule zilikuwa zikishuka nguvu kadiri zinavyotumika, kwa hiyo kila akibadilisha waya, na betri nayo ilikuwa imeshabadilika. Kanuni aliyoitoa mwaka 1825 haikuwa sahihi kwa sababu hiyo.

Johann Christian Poggendorff, aliyekuwa mhariri wa jarida la sayansi, akamshauri aachane na betri, atumie kiungo cha metali mbili tofauti kinachozalisha umeme kikipata joto upande mmoja na baridi upande wa pili. Ohm akaunganisha bismathi na shaba. Upande mmoja akauweka kwenye maji yanayochemka, wa pili kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka havibadilishi joto lake ovyo, kwa hiyo msukumo wa umeme ukatulia. Kisha akajaribu waya nane za shaba, fupi kabisa ikiwa na inchi 2 na ndefu kabisa inchi 130, akisoma mkondo kwa kuangalia jinsi sindano ya sumaku iliyoning'inizwa inavyopindishwa. Namba zikanyooka. Mwaka 1827 akatoa kitabu chenye nadharia nzima. Nyumbani kwao kitabu kilipokelewa kwa baridi, hata akaacha kazi yake Köln. Heshima ilikuja baadaye: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley, na uprofesa wa Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili kabla ya kufa.

Mimi namheshimu Ohm zaidi kwa yale maji na barafu kuliko kwa ile kanuni. Fundi anayepima volti asubuhi na ampea mchana, halafu akagawanya, amefanya kosa lilelile la betri inayoshuka. Umeme wa mtaani haukai mahali pamoja. Pima vyote viwili kwa wakati mmoja, kitu kikiwa kinafanya kazi, ndipo ugawanye.

Kuna mwingine aliyetangulia. Mwingereza Henry Cavendish alifikia uhusiano huohuo mwaka 1781, miaka arobaini na kitu kabla ya Ohm, na hakuwa na mita ya aina yoyote. Alijaza maji ya chumvi kwenye mirija ya kioo, akapitisha umeme uliohifadhiwa kwenye chupa za chaji, na akaukadiria mkondo kwa nguvu ya mshtuko aliousikia mwilini mwake. Hakuyachapisha. Maandishi yake yalikaa mpaka James Clerk Maxwell alipoyatoa mwaka 1879, wakati jina la Ohm lilikuwa limekwisha kushika.

Sehemu ya nguvu na joto ilikamilishwa na James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, jirani na Manchester. Karibu na mwaka 1840 alizungusha waya, akauzamisha ndani ya maji, akapitisha mkondo na kusoma kipimajoto. Aligundua kwamba joto hufuata ukinzani moja kwa moja, lakini kwa mkondo hufuata ampea mara ampea. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto ni mara tisa. Birika lako la umeme ni jaribio la Joule lililowekewa mshikio.

Sasa turudi mtaani. Saa moja na nusu usiku, watu wamerudi kutoka makazini, pasi zimewashwa, majiko yamewashwa, na volti kwenye nyumba zilizo mbali na transfoma zinashuka. Tuseme zimefika 190. Birika halijabadilika, bado ni omu 26.17. Lakini 190 mara 190 gawanya kwa 26.17 ni wati 1379. Volti zimepungua kwa asilimia 17 na wati zimepungua kwa karibu theluthi moja. Lita moja na nusu ya maji iliyokuwa ikichemka kwa dakika nne hivi, sasa itahitaji karibu dakika sita.

Hapo ndipo yanapozuka maneno kwamba umeme mdogo unakula uniti zaidi. Kwa birika, pasi na jiko la koili, si kweli. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, basi. Maji lita moja na nusu kutoka joto la kawaida mpaka kuchemka yanahitaji takriban uniti 0.13, na yatadai hizo hizo iwe umeme umejaa au umepungua. Kinachoongezeka ni kile kidogo kinachopotea hewani kwa sababu umekaa muda mrefu zaidi. Ni vivyo hivyo kwa anayeogopa birika la wati 2000 na kununua la wati 1000 ili kuokoa uniti. La wati 1000 litachukua muda mara mbili, na mwisho wa mwezi LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, itakuwa imehesabu kilekile. Unachookoa kwa kununua birika dogo ni ampea, na ampea zina umuhimu wake, nitaufikia.

Friji ni habari nyingine. Mota haiishi kama elementi. Volti zikishuka, mota ya friji hujaribu kuendelea kuusukuma mzigo uleule, kwa hiyo huvuta ampea nyingi zaidi, na joto ndani ya nyuzi zake hupanda kwa ule utaratibu wa ampea mara ampea. Ndiyo maana umeme mdogo huchelewesha chai tu kwa mwenye birika, lakini unaweza kumuunguzia mwenye friji kompresa. Pia kwenye mota usizidishe volti kwa ampea ukadhani umepata wati kamili. Mkondo wa mota haupandi na kushuka sambamba na volti, na mita ya nyumbani huhesabu sehemu inayofanya kazi peke yake. Friji inayoonyesha ampea 1.2 kwenye volti 230 inaonekana kama wati 276, na wati halisi zikawa pungufu sana ya hapo. Hesabu za makala hii zishikilie kwa vitu vya kupasha joto. Huko zinakaa sawa kabisa.

Kuna zawadi moja inayonitia wasiwasi kila inapofika, nayo ni kifaa cha jikoni kilichotumwa na ndugu aliye Marekani. Kule volti za nyumbani ni 120. Birika la huko la wati 1500 lina ukinzani wa 120 mara 120 gawanya kwa 1500, yaani omu 9.6. Lichomeke huku kwenye volti 230, bila kitu kingine chochote katikati: 230 mara 230 gawanya kwa 9.6 ni wati 5510. Litavuta ampea 24 kwenye soketi iliyotengenezwa kwa 13. Kupeleka la kwetu kule hakuna hatari, ila birika la omu 26 litatoa wati 550 tu na mwenyeji atasubiri chai mpaka akate tamaa. Kabla ya kumshukuru ndugu yako na kuchomeka, soma volti zilizoandikwa nyuma.

Wengi wataniuliza, mimi sina mita ya ampea, nitapimaje? Kama una LUKU, au mita ya tokeni kwa mliopo Kenya, unayo tayari. Angalia kile kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Usoni mwa mita, karibu nacho, pameandikwa namba na maneno imp/kWh. Mara nyingi ni 1000 au 1600, zipo na nyingine. Hiyo ndiyo idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Ikiwa ni 1000, kila mpepeso ni wati moja kwa saa moja, na wati zinazotumika sasa hivi ni 3600 gawanya kwa sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Ikiwa ni 1600, tumia 2250 badala ya 3600.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja zikiwemo. Washa birika lenye maji. Mpepeso mmoja uuite sifuri, kisha hesabu mpaka kumi ukitazama saa ya simu. Tuseme kumi zimechukua sekunde 20, yaani sekunde 2 kwa kila mmoja. 3600 gawanya kwa 2 ni wati 1800. Na kwa kuwa ukinzani wa birika unaujua kutokana na maandishi ya chini, unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye volti: 1800 mara 26.17 ni 47,106, na kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaitoa, ni 217. Umepima volti za nyumba yako kwa birika na saa ya simu, wala hukugusa waya. Napenda sana kipimo hiki. Mwanafunzi akishakifanya mara moja, zile herufi za ubaoni zinakuwa vitu vya nyumbani kwao.

Wenye maltimita huwa na haraka ya kupima omu moja kwa moja. Sawa, mradi kitu kimechomolewa, kwa sababu mita ikiwa kwenye omu na umeme upo, unaiua mita na pengine unajiumiza. Ukipima birika likiwa baridi utapata kama 26, kwa kuwa metali ya elementi hizi ilichaguliwa isibadilike sana ikipata joto. Lakini jaribu balbu ya zamani ya uzi, ya wati 100. Kwa hesabu ya volti 230 inatakiwa kuwa na omu 529. Mita itakuonyesha kama 40 hivi. Mita haikudanganyi. Uzi wa tangsteni ukiwaka hufika nyuzi joto zaidi ya 2000, na ukinzani wake huongezeka mara kumi na zaidi. Ule wakati wa kubonyeza swichi, balbu baridi huvuta zaidi ya ampea 5 kwa kipande kidogo cha sekunde, kabla ya kutulia kwenye ampea 0.43. Ndiyo maana balbu za uzi zilikuwa na tabia ya kukatika pale tu unapoziwasha. Kwa hiyo ukinzani unaopatikana kwa kugawanya volti kwa ampea, kitu kikiwa kinafanya kazi, una ukweli kuliko ule wa kupima kikiwa kimelala.

Nimefika kwenye plagi.

Mama mmoja anayepika chakula karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, aliniita kwa sababu soketi yake, kwa maneno yake, ilikuwa inakula plagi. Alikuwa na birika kubwa la chai linalowaka tangu alfajiri.

"Fundi, nimebadilisha plagi mpaka nimechoka. Nimenunua ya bei rahisi, nimenunua ya bei kubwa, zote zinaungua upande uleule mmoja."

"Na soketi umebadilisha, mama?"

"Soketi nzima hiyo, mwanangu. Mbona birika linachemsha vizuri tu?"

Birika lilikuwa linachemsha vizuri kweli, na hapo ndipo penye mtego. Nilipofungua mfuniko wa soketi na kuweka mzigo, mita ya kukumbatia waya ilionyesha ampea 8.5. (Mita hii hukumbatia waya mmoja peke yake, ukizikumbatia zote mbili pamoja itaonyesha sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana.) Kisha nikapima volti kati ya skrubu inayoshika waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ndani ya soketi na mguu wa plagi uliozama humo. Mahali hapo metali inagusa metali, na volti zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Mita ilionyesha 4.

Nne gawanya kwa 8.5 ni omu 0.47. Nusu omu tu. Kati ya volti 230, birika lilikosa 4, na hakuna mtu duniani atakayeona tofauti hiyo kwenye chai. Lakini 4 mara 8.5 ni wati 34, na wati hizo zote zilikuwa zinazaliwa kwenye kidoa kidogo kuliko punje ya mchele, ndani ya plastiki, saa baada ya saa. Chuma cha kulehemu anachotumia fundi redio ni cha wati 30 au 40, na kinayeyusha risasi ya kulehemu, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Ndani ya ile soketi palikuwa na chuma cha kulehemu kilichowashwa tangu alfajiri.

Na hali hiyo hujilisha yenyewe. Chemchemi ya shaba inayobana mguu wa plagi ikipata joto hulegea. Ikilegea, inagusa kidogo zaidi. Uso wake ukiungua hufanya utando mweusi ambao nao ni ukinzani. Nusu omu inakuwa omu nzima, wati zinaongezeka, chemchemi inalegea tena. Ukichomeka plagi mpya ndani ya soketi iliyokwisha kulegea, umeipeleka motoni, hata kama ni ya bei kubwa. Ndiyo maana mimi hubadilisha soketi na plagi kwa pamoja, na ncha ya waya iliyobadilika rangi huikata mpaka nikute shaba inayong'aa. Tulifanya hivyo kwa yule mama, tukakaza skrubu, nikapima tena kwa mzigo uleule: volti hazikufika hata sehemu ya kumi ya moja.

Hapa ndipo ampea zinapostahili heshima. Kama birika lingekuwa la wati 1000, ampea 4.3, ile nusu omu ingetoa wati 9 hivi. Soketi ingepata uvuguvugu tu. Mkondo ni nusu, joto ni robo. Mwenye nyumba yenye soketi kuukuu ambaye hana uwezo wa kuzibadilisha mwezi huu, afadhali atumie vitu vya ampea chache, na asichomeke pasi na birika kwenye soketi moja kwa ekstensheni. Pasi ampea 5, birika karibu 9, jumla 14. Mguu mmoja wa plagi moja unazibeba zote.

Ekstensheni zenyewe nazo zina hesabu yake. Waya wa shaba wenye eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 30 ina njia ya mita 60, kwenda na kurudi. Kama waya ni wa moja na nusu, ukinzani ni 0.0172 mara 60 gawanya kwa 1.5, yaani omu 0.69. Birika likivuta ampea 8.8, zinapotea volti 6 na wati 53. Waya ukiwa mwembamba wa 0.75, kila kitu mara mbili: volti 12, wati 107. Ukiutandaza ukumbini, wati hizo zinasambaa kwenye mita zote na hutasikia kitu. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake, wati 107 zinafungiwa ndani ya mzingo mmoja usiopumua, na mpira wa waya unaanza kuyeyuka kutoka ndani, mahali usipopaona. Tandaza waya wote, hata kama unahitaji mita tatu. Na dukani, omba uone ncha iliyokatwa. Ukikwaruza kwa kisu ukakuta weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyosimamisha zile nguzo za Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huo, lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na umeme wake unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Chukua mtambo mmoja. Kwa nyaya tatu za kilovolti 400, megawati 235 zinahitaji ampea 340 hivi kwa kila waya. Ungejaribu kuzisafirisha kwa volti 400, zile za fezi tatu tunazoziona mtaani, zingehitajika ampea 340,000. Mkondo ni mara elfu moja zaidi, na kwa hiyo joto linalopotea kwenye waya uleule ni mara milioni moja zaidi. Hakuna shaba ya kuhimili hilo. Kwa kupandisha volti mara elfu, tumelifukuza joto mara milioni, na gharama tuliyolipa ni minara mirefu, vikombe virefu vya kuhami na transfoma za kushusha huku chini.

Baada ya transfoma ya mtaa wako, volti ni ndogo tena na ampea zimerudi kuwa nyingi, na kila mita ya waya kutoka nguzo ile mpaka kwako inadai chake. Unaweza kupima inadai kiasi gani. Nitaeleza jinsi ninavyofanya kwenye nyumba za Kihonda, hapa Morogoro, zilizo mwisho wa njia, kwa sababu malalamiko ya umeme mdogo huko ni ya kila siku na mara nyingi hayana namba ndani yake.

Zima mizigo yote mikubwa. Pima volti kwenye soketi. Tuseme ni 228. Washa birika kwenye soketi nyingine ya njia hiyohiyo, pima tena upesi. Tuseme zimeshuka hadi 214. Birika sasa linavuta 214 gawanya kwa 26.17, ampea 8.2. Volti 14 zilizopotea, gawanya kwa 8.2, ni omu 1.7. Huo ndio ukinzani wa njia nzima, kuanzia transfoma, kupitia nguzo, mita, na nyaya za ndani ya ukuta. Rudia mara kadhaa, kwa sababu majirani nao wanawasha na kuzima, na ile shida ya betri ya Ohm inakunyemelea.

Omu 1.7 ni nyingi. Birika moja linapoteza wati 115 njiani kabla halijaanza kuchemsha. Sasa fundi mwenye sifa afungue ubao wa swichi kuu, apime palepale unapoingia umeme, kwa mzigo uleule. Usifanye mwenyewe: mwili wenye ngozi iliyolowa una ukinzani wa omu 1000 hivi, volti 230 zitapitisha ampea 0.23, na vifaa vya kinga vya majumbani hupangwa kukata kwenye 0.03 kwa kuhofia madhara kwa moyo. Kama kwenye swichi kuu nako volti zinashuka kwa 13 kati ya zile 14, nyaya zako za ndani ni nzima. Tatizo liko kwenye nguzo au kwenye viungo vya juu, na una namba ya kuandika kwenye barua ya malalamiko. Kama pale zinashuka kwa 3 tu, basi 11 zinapotelea ndani ya nyumba yako. Hizo ni wati 90 zinazowaka ukutani au kwenye kiungo fulani, na kiungo hicho kitafutwe leo, soketi baada ya soketi, ukianzia na ile ambayo mfuniko wake una joto.